Taa ya cheki injini imewaka: pima kwanza, spea baadaye

Waya Mwekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nafungua uzi huu kwa sababu kila mara natumiwa picha ya dashibodi, taa ya injini ya njano inawaka, na chini yake swali lile lile: "Fundi kasema ni oksijeni sensa, ninunue?" Wengi wakifika kwangu wameshanunua vitu viwili vitatu na taa iko pale pale. Linaniuma, maana hela inayopotea ni ya mtu anayejibana, na mara nyingi ubovu wenyewe ulikuwa mpira uliopasuka au soketi iliyoingia maji.

Nianze na jambo ambalo yote nitakayosema yanaegemea hapo. Kodi unayosomewa na mashine, yaani ile namba ya kosa, haitaji kifaa kibovu. Inataja kipimo ambacho kompyuta ya gari, ile tunayoiita kontrolboksi, haikuridhika nacho. Chukua P0171. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kontrolboksi imejuaje? Imeambiwa na oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi. Sensa imefanya kazi yake, imetoa taarifa, halafu tunaifungua na kuitupa tukisema ndiyo mbovu. Hewa inayoingia kinyemela bado inaingia, kwa hiyo kesho taa inarudi.

Sasa kabla hujaenda kwa fundi, angalia taa inawakaje. Ikiwaka tuli, na gari linatembea vizuri, halichemshi wala halikosi nguvu, unaweza kufika nyumbani na kutafuta fundi kwa utulivu. Ikipepesa, yaani inawaka na kuzima huku gari likitetemeka, hapo injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta sawasawa. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, na kuyachoma. Punguza mwendo, usikanyage sana mafuta, tafuta pa kuegesha. Taa nyekundu ya oili na ile ya joto ni habari nyingine kabisa, hizo ni za kuzima injini palepale.

Halafu soma kodi, uziandike, ndipo mengine yafuate. Kosa ninalolikuta kila gereji ni kufuta kodi kwanza "tuone kama itarudi". Taa inapowaka, kontrolboksi huhifadhi hali ya gari wakati ule: injini ilikuwa na joto gani, mizunguko mingapi, spidi ngapi, ilikuwa imebeba mzigo kiasi gani. Mafundi tunaita frizi fremu. Ukifuta kodi, na yenyewe imekwenda. Kodi ya kumisi iliyoingia injini ikiwa na nyuzi 30 asubuhi na ile iliyoingia ukiwa kilima cha Kitonga na mzigo zina njia tofauti kabisa za kutafutwa, na kinachokuonyesha tofauti ni hiyo fremu peke yake.

Kuhusu vifaa: vile vidude vidogo vya ELM327 vinavyochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth vinatosha kwa mwenye gari wa kawaida. Bei yake ni ndogo kuliko sensa nyingi. Tundu lake lina pini 16, liko karibu na miguu ya dereva. Kama kidude hakiwaki kabisa, angalia kwanza fyuzi ya OBD (mfumo huo wa kusomea kodi) au ile ya kiberiti cha gari kabla hujakilaumu.

Tahadhari moja kwa sisi tunaoendesha magari yaliyotoka Japani. Marekani walilazimisha mfumo wa OBD2 kwa magari yote kuanzia toleo la 1996, Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani walichelewa. Ndiyo maana unakuta Vitz au Raum ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina tundu lile lile, lakini kidude kinakwambia hakijaunganishwa. Gari halina ubovu, lugha ndiyo tofauti. Baadhi ya programu za simu zina sehemu ya kuchagua Toyota ya soko la Japani, jaribu hapo. Ikishindikana, tafuta fundi mwenye mashine kubwa inayoongea lugha ya kampuni.

Karibuni kwa maswali. Mwenye gari linalosumbua aweke aina ya gari, injini, kodi zote, na dalili. "Taa inawaka nisaidieni" haitoshi.

---

Kigamboni Feri

Mkuu umenigusa. Nina Toyota IST, injini 1NZ. Taa iliwaka, nikapimiwa ikaonekana P0171. Nikabadilishiwa oksijeni sensa ya mbele, mtumba. Taa ikazimwa, ikakaa kidogo ikarudi, kodi ile ile. Sasa fundi anasema tubadilishe pampu ya mafuta. Asubuhi gari ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka kidogo, ikipata moto inatulia. Mafuta inakula zaidi ya zamani. Kidude cha ELM ninacho.

---

Waya Mwekundu

Usinunue pampu bado. Fungua programu ya simu, tafuta vipimo viwili: fyueli trimu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Hizo ni asilimia za mafuta ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Sifuri ni bora, chini ya 10 juu au chini si tatizo. Kodi ya P0171 huja marekebisho yanapopanda sana na kontrolboksi ikaona haiwezi kuongeza zaidi.

Washa gari, liache lipate moto kabisa, zima AC na redio. Niandikie namba ukiwa sailensi. Kisha piga resi, shikilia mizunguko 2,500 kwa muda wa kutosha namba zitulie, niandikie tena.

---

Kigamboni Feri

Nimefanya. Sailensi: muda mfupi +6, muda mrefu +21. Kwenye 2,500: muda mfupi +1, muda mrefu +7.

---

Waya Mwekundu

Safi sana, umeshajibu swali la pampu mwenyewe. Wengine mnaosoma tulieni hapa, maana hapa ndipo hela nyingi zinapookolewa.

Injini ikiwa sailensi, bawa la throtoli, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, limefunga karibu kabisa. Hewa inayopita kihalali ni kidogo, na ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kuna mvuto mkali. Kama kuna ufa mahali fulani baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia injini, mvuto huo unanyonya hewa ambayo haijapimwa, na ukilinganisha na ile kidogo ya halali, hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ndiyo maana marekebisho yako jumla yanafika +27. Ukipiga resi, bawa linafunguka, hewa ya halali inakuwa nyingi mno, ile ya kwenye ufa haionekani. Marekebisho yanashuka hadi +8.

Kama ingekuwa pampu dhaifu au filta ya mafuta imeziba, ungeona kinyume chake. Sailensi ingekuwa nzuri kwa sababu mafuta yanayohitajika ni kidogo, halafu ukikanyaga namba zinapanda, na gari linakosa nguvu mlimani. Kama namba zingekuwa juu kote, sailensi na kwenye resi, ningekwambia tuangalie sensa ya hewa, labda waya wake umeshika vumbi na unahesabu pungufu.

Kwa hiyo wewe una hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kutetemeka asubuhi na kutulia ikipata moto kunaendana na hilo, mipira mikavu hutanuka kidogo ikishika joto na ufa unapungua.

Kwenye IST boksi la eakilina (chujio la hewa) limekaa juu ya injini na linaficha kila kitu. Lifungue. Fuata mpira mnene unaotoka boksi kwenda throtoli, ukunje kwa mkono, angalia mikunjo yake kwa ndani. Kisha fuata mpira wa PCV, ule mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha vali kuingia manifoldi. Huo upapase kwa kidole sehemu ya chini, upande ambao jicho halifiki. Mpira wa servo ya breki nao uutazame. Angalia pia kama dipstiki na mfuniko wa oili vimekaa vizuri.

Usiishie kutazama. Mpira wa namna hii unaweza kuonekana mzima kabisa juu, chini umefumuka kama mdomo wa kiatu kilichochoka.

---

Spana 14

Mleta uzi nakuheshimu ila gerejini hatuna muda wa namba zote hizo. Sisi tunapulizia kabu klina kwenye mipira gari ikiwa inaunguruma, ikibadili mlio tunajua hapo ndipo. Na kama ni sensa tunafunga nyingine ya kujaribia, ikikubali mteja ananunua. Mbona tunafanikiwa?

---

Waya Mwekundu

Spana 14 hatupingani. Kupulizia ni kipimo halali, nami nakifanya. Ila ile dawa inawaka kwa urahisi mno, kwa hiyo puliza kidogo kidogo, injini ikiwa haijashika moto sana, mbali na eksozi na waya za plagi, na uwe na kitu cha kuzimia moto karibu. Kwa mwenye gari wa kawaida bora atumie macho na vidole kwanza.

Kufunga kifaa cha kujaribia nako ni kipimo, mradi una uhakika kuwa hicho cha kujaribia ni kizima. Oksijeni sensa ya mtumba uliyoitoa kwenye boksi la spea huijui historia yake. Ukifunga mbovu juu ya nzima umejiongezea tatizo la pili.

Kuna kubadilishana ambako hakugharimu chochote, na ningependa kila fundi aanze nako. Kodi ikisema P0301, yaani silinda namba moja inamisi, na gari lina koili nne kama IST au Premio, hamisha koili ya moja uipeleke tatu, ya tatu uilete moja. Usiguse kitu kingine. Futa kodi, endesha. Ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Ikibaki P0301, rudia kwa plagi. Ikibaki tena, nenda kwenye nozeli na soketi yake, na mwisho pima kompresheni. Kwa njia hiyo hakuna anayekuuzia koili nne.

Na nyie mnaopeleka gari kuoshwa injini kwa maji ya presha, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi na kukaa humo. Gari linaanza kumisi siku hiyo hiyo. Toa koili, kausha shimo kwa upepo wa kompresa, angalia mpira wa koili kama una alama ya cheche, mstari mweupe au mweusi kama nywele. Ukikuta mafuta ya oili ndani ya shimo, gasketi ya kifuniko cha vali imechoka.

---

Kigamboni Feri

Mkuu!! Ni mpira wa PCV. Juu mzima kabisa, nilipopitisha kidole chini umepasuka mahali unapokunja kuingia manifoldi, ufa unaingiza ukucha. Nimenunua mwingine Gerezani, bei ni ya soda ukilinganisha na nilichotumia kwenye sensa. Nimefuta kodi. Sailensi imetulia palepale. Sasa muda mrefu inasoma +9, mbona haijafika sifuri?

---

Waya Mwekundu

Hongera. Usiwe na haraka na namba. Ile ya muda mrefu ni kumbukumbu, inajifunza polepole kadiri unavyoendesha. Endelea na safari zako za kawaida, halafu niletee tena. Ikishuka ikatulia chini ya 5, umemaliza. Ikikwama kwenye 9 au 10, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Usiiguse kwa pamba wala kidole, ule waya ni mwembamba kama nywele.

---

Dada wa Njiro

Shikamooni. Mimi gari yangu ni X-Trail, imetoa P0420. Fundi anasema masega yameziba, suluhisho ni kuyatoa, eti gari itakuwa nyepesi na taa haitawaka tena. Ni kweli? Gari inatembea vizuri tu, nguvu ipo.

---

Waya Mwekundu

Dada, marahaba. Tafadhali usikubali yatolewe bado.

P0420 haisemi masega yameziba. Inasema hayasafishi moshi kama inavyotakiwa. Masega yakiziba kweli utajua bila mashine: gari linakosa nguvu, linagoma kupanda spidi, eksozi inapumua kwa shida. Wewe unasema nguvu ipo, basi hayajaziba.

Kontrolboksi inalinganisha sensa mbili. Ya kwanza iko kabla ya masega, na kwenye magari mengi yenye sensa ya kawaida ya oksijeni inapanda na kushuka muda wote kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya pili iko baada ya masega. Masega yakiwa mazima, hewa inayotoka imeshatulizwa, kwa hiyo sensa ya pili inakaa karibu mahali pamoja, kwenye 0.6 au 0.7. Yakichoka, ya pili inaanza kucheza kama ya kwanza. Mwambie fundi akuonyeshe grafu za sensa zote mbili, gari likiwa limepata moto na mizunguko imeshikiliwa 2,500. Magari mengine sensa ya mbele ni ya aina nyingine na mchoro wake unatulia, hapo mtazame ya nyuma peke yake.

Kabla ya kuyahukumu masega, kuna mambo ya kuondoa njiani. Eksozi inayovuja mbele ya sensa ya nyuma inaingiza hewa na kudanganya kipimo. Asubuhi injini ikiwa baridi, sikiliza mlio wa tsi-tsi-tsi karibu na manifoldi ya eksozi, tafuta alama nyeusi za masizi kwenye viungio. Kumisi ambako hakujatibiwa kunaua masega, na injini inayokula oili nayo inayaua. Ukiweka masega mapya juu ya injini inayokula oili, utarudi gereji na kodi ile ile.

Kuhusu kuyatoa. Taa haizimiki, kwa sababu sasa hakuna cha kusafisha kabisa. Atakachofanya ni kuidanganya sensa ya nyuma au kuificha taa, na siku tatizo jingine kubwa likija hutaonywa. Moshi wake utanuka na majirani watauvuta. Na jambo ambalo wateja hawaambiwi: ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na yana soko. Fundi akiyakata na kubaki nayo, amekulipisha kwa kazi ya kukuchukulia mali. Kama kweli yamekufa na umeamua yatoke, ondoka nayo mkononi.

---

Dada wa Njiro

Ahsante sana. Nimemwambia anionyeshe grafu, amesema mashine yake inasoma kodi tu haina grafu.

---

Waya Mwekundu

Basi hajapima masega, amesoma maneno kwenye skrini. Tafuta mwingine mwenye mashine inayoonyesha data ikiwa hai, Arusha wapo. Au nunua kidude, X-Trail nyingi zinakubali.

---

Mwana Likoni

Salaam alaikum, nawasoma kutoka Mombasa. Mie nina Corolla 110 ya zamani, 5A. Kidude cha simu hakiingii hata pa kuchomeka sijapaona. Taa inawaka nikifika barabara kubwa, nikizima na kuwasha inapotea. Makanika wa hapa amenambia gari za zamani hazipimiki.

---

Waya Mwekundu

Alaikum salaam ndugu yangu. Inapimika, tena bila mashine yoyote, kwa kipande cha waya tu. Toyota za wakati ule zinasema zenyewe kwa kupepesa taa.

Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Injini ikiwa imezima, unganisha hayo mawili kwa waya mfupi. Hakikisha ni hayo hasa, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Washa swichi ON bila kustati, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa.

Ikipepesa mfululizo kwa haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikiwa ipo, itapepesa tarakimu ya kwanza, itapumzika kama sekunde moja na nusu, itapepesa ya pili. Mbili, pumziko, moja ni 21, njia ya oksijeni sensa. 22 ni sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ya throtoli, 42 ya spidi, 52 ya noki. Ukiwa na kodi zaidi ya moja zinafuatana kuanzia ndogo, halafu zinarudia. Andika kwenye karatasi. Ukishatengeneza, chomoa waya wako, zima swichi, na utoe fyuzi ya EFI kwa muda kidogo kumbukumbu ifutike.

Taa inayokuja ukikimbia na kupotea ukizima, kwa gari la pwani, mimi huanza na waya na soketi kabla ya sensa yenyewe. Chumvi inakula. Chomoa soketi ya sensa iliyotajwa, tazama pini kama zina ukungu wa kijani. Kisha pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri: mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, gari linaunguruma na taa kubwa zimewashwa. Isizidi 0.2 hivi. Ukiona zaidi, ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na bodi umeoza, na kila sensa itakuwa inasoma uongo kidogo.

Angalizo jingine kwa wenye 5A, 5E na 3S: injini hizi zinapima mvuto wa manifoldi, hazina ile sensa ya hewa ya IST. Mpira ukipasuka, kontrolboksi inaona mvuto umepungua na inaongeza mafuta, kwa hiyo dalili yake huwa sailensi inapanda. Yale niliyomwandikia Kigamboni Feri msiyahamishe moja kwa moja.

---

Mwana Likoni

Imepepesa 42. Ya spidi.

---

Waya Mwekundu

Hiyo inaelezea kwa nini inakuja barabarani tu. Mshale wa spidi kwenye dashibodi unafanya kazi, au unarukaruka?

---

Mwana Likoni

Unarukaruka, nilidhani ni uzee. Nimeikuta soketi kule kwenye gia boksi, pini moja imeshika kutu ya kijani kama ulivyosema. Nimeisafisha, mshale umetulia. Taa sijaiona tena na nimekwenda hadi Diani.

---

Spana 14

Nakubali mkuu. Niongezee hapo kwenye themostati, maana wengi wanakuja na P0128, kodi ya injini kutofika joto lake, na sisi wenyewe ndio tuliwatolea hiyo themostati.

---

Waya Mwekundu

Vizuri umelisema wewe fundi. Kuna imani kwamba Dar ni joto, kwa hiyo themostati haina kazi. Themostati inafunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuihakikishia injini joto lake la kazi, Dar au Makambako. Ukiitoa, kwenye barabara kuu upepo unapoza injini hadi kontrolboksi inadhani bado haijapata moto, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Gari linakula, plagi zinakuwa nyeusi, na kwa magari yanayofuatilia hilo, P0128 inawaka. Gari likichemsha, tafuta kwa nini linachemsha: feni, rejeta iliyoziba, mfuniko wa rejeta, pampu ya maji. Kutoa themostati ni kuahirisha.

---

Mteja Mpya

Wakuu mimi naenda kuangalia Harrier ya mkononi Jumamosi. Muuzaji anasema taa haijawahi kuwaka. Nijuaje?

---

Waya Mwekundu

Usimuulize taa imewahi kuwaka, itazame ikiwaka. Injini ikiwa imezima, geuza swichi hadi ON bila kustati. Taa ya cheki injini lazima iwake pamoja na ya oili na ya betri. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, na mtu hafungui dashibodi bila sababu. Ukistati inatakiwa izime baada ya muda mfupi.

Wajanja zaidi wanaiunganisha na taa ya oili au ya chaji, ili iwake na kuzima pamoja nayo. Hiyo utaigundua hivi: chomeka kidude, angalia orodha ya vipimo vya ndani ambavyo kontrolboksi hujifanyia yenyewe. Vingi vikiwa havijakamilika, kodi zimefutwa juzi juzi au betri imechomolewa. Mwambie muuzaji mwendeshe kwa muda mrefu kisha usome tena. Halafu, kwa ruhusa yake, injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya sensa ya hewa pale kwenye bomba la eakilina. Injini itayumba au itazima. Washa tena: taa lazima iwake na ibaki imewaka.

---

Mteja Mpya

Nimetoka huko. ON ilikuwa inawaka vizuri na kuzima pamoja na ya oili. Nimechomoa soketi, injini ikazima, nimewasha tena inayumba lakini taa hamna. Kidude kinaonyesha P0102 niliyoisababisha mimi, pamoja na P0300 (ya kumisi) na P0171 ambazo sikuzisababisha. Muuzaji kanyamaza, sasa anasema atapunguza bei.

---

Waya Mwekundu

Rudisha soketi, lakini kodi usizifute. Piga picha ya skrini na frizi fremu ya P0300 kama ipo. Kisha nipe namba za fyueli trimu, sailensi na kwenye 2,500, kama tulivyofanya kwa IST. Masega pia yachunguzwe, maana hatujui limetembea na kumisi huko kwa muda gani likiwa limefichwa taa. Mpaka tuone namba hizo, usitaje bei yoyote na usiache hata kishika uchumba.